Tambara Halilali na Mwenzake

Kufuli lilikuwa bado limefungwa.

Mlango ulikuwa umeungua ukabaki ubao mmoja, paa la bati lilikuwa limelala sakafuni, lakini kufuli, jeusi tititi kwa masizi, lilikuwa limeng'ang'ania pete yake kama kupe. Inspekta alilishika kwa kitambaa, akaligeuza huku na huku, akamulika tundu la ufunguo kwa tochi ndogo.

"Halijavunjwa," alisema. "Wala halijachokonolewa."

Koplo alikuwa nyuma yake na mifuko ya vielelezo. Alikuwa mzee wa kazi. Kustaafu kwake kulikuwa kumebakiza miezi michache, ingawa magoti yake yalistaafu kabla ya mwenyewe.

"Basi aliyeingia alikuwa na ufunguo, afande."

"Alikuwa na ufunguo," Inspekta aliitikia.

Kwake hiyo ilikuwa lugha ya nyumbani. Mwanamke huyu alijenga jina kwa makufuli. Ukimwonyesha kitasa kilichovunjwa, alikuambia mwizi anatumia mkono gani na alikuwa na haraka kiasi gani. Ndiyo maana stoo ya karakana ya useremala ilipoungua na mlinzi akalazwa hospitali, mkuu wa kituo hakufikiri mara mbili. Alimwita yeye, kwa kuwa hajawahi kukosea.

Na funguo za stoo zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa wa msimamizi wa karakana. Wa pili ulikuwa wa fundi wa kupaka mbao, mwanamke ambaye karakana nzima ilimwita Kiberiti, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya wembamba. Tangu jana alikuwa mahabusu.

"Mnatafuta nini tena hapo?"

Msimamizi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa majivu. Usiku kucha alikuwa hospitali, lakini shati lake lilikuwa limenyooshwa kwa pasi, mikunjo ya mikono ikiwa imesimama wima. Macho tu ndiyo yaliyosema hajalala.

"Mtu mnaye, mmemfungia," alisema. "Mdogo wangu amelala kule na bandeji mpaka kwenye viwiko, nyinyi mnacheza na kufuli!"

"Pole sana, kaka. Mlinzi ni mdogo wako wa tumbo moja?"

"Tumbo moja, ziwa moja. Mama aliniambia, mtafutie mwenzako kazi. Nikamleta hapa mwenyewe, kwa mkono wangu." Aliyatazama majivu. "Yule mwanamke alishawahi kuchoma. Nani hajui? Mwenye kovu usidhani kapoa. Nataka afungwe, afande. Sitaki kingine chochote duniani."

Inspekta aliliingiza kufuli kwenye mfuko, akaandika alama juu yake, akaondoka.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni iliyozunguka siku nzima bila kuleta upepo. Kiberiti aliletwa akaketishwa. Alikuwa mfupi, wa makamo, vidole vyake vimeingia rangi ya kahawia hadi kwenye kucha, ile isiyotoka hata kwa sabuni ya mche.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Kwa sababu ya jina langu, afande."

"Jina lako kwenye kitambulisho halina ubaya wowote."

"Siyo hilo. Lile jingine."

"Basi nieleze lile jingine."

Kiberiti alivuta pumzi. Ilionekana amelieleza mara nyingi na amelichoka.

"Nilikuwa msichana. Baba wa kambo alikuwa anampiga mama. Siku moja nikachukua kiberiti nikachoma banda lake. Nikafungwa, nikatumikia, nikatoka. Ndiyo hayo."

"Bandani mlikuwa na mtu?"

"Hapana. Nilitoa hata kuku kwanza."

"Halafu ukakimbia."

"Nikimbilie wapi? Nilimfuata baba wa kambo alipokuwa amekaa na wenzake, nikamwambia, banda lako linaungua, ni mimi. Halafu nikaja hapa kituoni, nikasema hivyo hivyo."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alikuwa anakuna kidevu.

"Ni kweli, afande," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa kaunta siku ile. Aliingia na masizi puani na jogoo kwapani. Nilidhani amekuja kushtaki jirani."

"Na juzi jioni?" Inspekta alimrudia Kiberiti.

"Juzi nilikuwa napaka milango mafuta. Mafuta ya mbao, yale tunayosugua kwa matambara mpaka mbao ing'ae. Tulipofunga niliyaacha matambara mezani, nikanawa, nikaenda zangu."

"Unayaacha tu mezani?"

"Siku hizi ndivyo tulivyoamriwa. Msimamizi huyakusanya mwenyewe, hapendi uchafu."

"Na ufunguo wako wa stoo?"

"Uko ofisini kwake, kwenye msumari. Hiyo nayo amri mpya. Hakuna ufunguo kulala kwa mtu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Una hakika uliutundika juzi?"

"Muulize mwenyewe. Anaupenda msumari ule kuliko mkewe." Kiberiti alicheka kidogo, kicheko kikakauka. Akaegemea mbele. "Afande, wakinipeleka mara ya pili, sitoki. Hakimu hatataka habari za kuku. Ataona moto wa kwanza, ataona moto wa pili, atajumlisha. Mimi nimejifunza kazi, nimepata watu wanaonisalimia. Sijachoma stoo."

Alisema bila kulia, akimtazama usoni.

Ofisi ya mkuu wa kituo ilikuwa na zulia, kabati la vioo na mkuu mwenyewe, mtu aliyeamini kila karatasi yenye muhuri, hata kama muhuri umepigwa juu chini.

"Jalada?" aliuliza.

"Bado, mkuu."

"Bado nini? Ufunguo anao, moto ni tabia yake. Wewe unataka ashikwe na njiti mkononi?"

"Tabia yake ni mara moja, mkuu, na siku ile alijisalimisha mwenyewe."

"Sikiliza." Mkuu aliegemea kiti. "Daktari akikupokea, la kwanza anakuuliza uliwahi kuugua nini. Kocha anampanga aliyefunga mabao jana. Mwenye shamba anarudia mbegu iliyomzalia. Dunia nzima inakwenda kwa rekodi. Wewe mwenyewe kesi hii nimekupa kwa rekodi yako."

"Rekodi ya makufuli, mkuu."

"Kazi ni kazi."

"Kocha hamchukui mfungaji wa mabao akampa basi la timu aendeshe."

Mkuu hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea dirishani, uani, linakoegeshwa gari la mahabusu.

"Gari linaondoka kesho mchana. Ukiniletea mtu mwingine kabla ya hapo, sawa. Usiponiletea, Kiberiti anapanda."

Inspekta na Koplo walirudi karakana. Inspekta alitaka kwanza kuuona huo msumari.

Ulikuwa pale, nyuma ya kiti cha msimamizi, na chini yake kibandiko chenye maandishi safi: FUNGUO ZA STOO. Ofisi nzima ilikuwa hivyo. Penseli zilipangwa kwa urefu. Ukutani kulikuwa na vyeti vya pongezi kutoka hoteli moja kubwa, vimewekwa kwenye fremu, vimenyooka kwa mstari.

"Juzi jioni funguo zote mbili zilikuwa hapa?" Inspekta aliuliza.

Msimamizi alisita. "Zilikuwa hapa."

"Na ofisi ulifunga wewe?"

"Nilifunga. Asubuhi nilizikuta pale pale." Akaongeza haraka, "Lakini fundi ni fundi, afande. Anaweza kuchonga mwingine."

"Anaweza. Ulikuwa hotelini kabla ya hapa?"

"Mkuu wa madobi." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Mashuka, mataulo, vitambaa vya meza, yote yalipita mkononi mwangu. Hakijapotea hata kitambaa cha kufutia mdomo. Mwenye karakana alikuja kulala pale kama mgeni, akaona kazi yangu. Akaniambia, mtu anayeweza kunyoosha hoteli nzima hawezi kushindwa na mafundi kumi."

Alipokuwa akisema, mkono wake ulichukua kitambaa cha kufutia meza, ukakikunja mara mbili, mara nne, ukakigandamiza kwa kiganja, ukakiweka pembeni. Hakuonekana kujua kwamba amefanya hivyo. Inspekta alikitazama kile kitambaa, akatoka nje.

Nyuma ya karakana palikuwa na waya mrefu uliotoka nguzo hadi nguzo. Haukuwa na nguo. Ulikuwa na vibanio tu, vimepauka kwa jua. Fundi mkuu, mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuwa ameketi karibu akinoa patasi.

"Shikamoo, mzee. Huu waya wa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wa matambara ya mafuta. Zamani kila mtu alianika la kwake kabla hajaenda nyumbani. Marehemu aliyeianzisha karakana hii alikuwa mkali kwa hilo! Ukisahau, anakufuata nyumbani, unarudi usiku kuja kuanika tambara. Alikuwa akisema, tambara halilali na mwenzake."

"Alikuwa na maana gani?"

"Ah!" Mzee alipuliza ncha ya patasi. "Sisi tulidhani ni ubahili. Likianikwa hudumu. Kumuuliza sababu ilikuwa ni kutafuta matusi, kwa hiyo tukaanika. Sasa mtoto wake ndiye mwenye mali, na msimamizi huyu akasema wateja wakija wanaona matambara machafu yananing'inia, aibu. Mwanzo wa wiki akakataza. Amenyoosha karakana, lazima niseme kweli. Vifaa vyangu sivitafuti tena."

"Sasa matambara yanawekwa wapi?"

"Anayakunja mwenyewe, anayapanga kwenye kapu lake la dobi, lenye mfuniko. Hotelini walimpa kapu lile siku ya kumuaga. Kapu linaingia stoo, stoo inafungwa."

Hata Koplo aliacha kukuna kidevu.

"Afande," alinong'ona walipokuwa wakitoka, "isije ikawa ni msimamizi mwenyewe. Funguo anazo, ofisi anayo."

"Amchome mdogo wake?"

"Watu wana mambo."

"Wanayo. Twende kwa huyo mdogo."

Mlinzi alikuwa kijana mwenye mwili mkubwa, lakini kitandani alionekana amepungua. Mikono yake ilikuwa imelazwa juu ya mito miwili. Msimamizi alikuwa ametangulia kufika, ameketi kando ya kitanda akimnywesha uji kwa kijiko, akimpangusa kidevu kila mara. Alitaka kutoka. Inspekta alimwashiria abaki.

"Juzi ulimwona mtu yeyote karibu na stoo?"

"Sikumwona mtu, afande." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nilizunguka. Geti lilikuwa limefungwa."

"Ulianza kuona nini?"

"Sikuona. Nilisikia harufu."

"Ya petroli? Mafuta ya taa?"

"Hapana, hizo nazijua. Hii ilikuwa kama mtu anakaanga rangi. Nikadhani inatoka kwa majirani. Nikazunguka tena, harufu ikazidi. Nikaona moshi kidogo juu ya mlango wa stoo. Nikaushika mlango, bado haujawa moto sana. Nikakimbia kutafuta nondo nivunje. Niliporudi ndipo moto ukalipuka."

"Kwa hiyo harufu kwanza, moshi baadaye, moto mwisho."

"Ndivyo."

"Mvulana mwenyewe hakukimbia," msimamizi alisema, akiweka kijiko chini. "Alijitia kuokoa mbao za watu. Kaka yako yuko hapa, mdogo wangu. Aliyekufanyia hivi atalia, nakuapia."

"Kaka, usiape," mlinzi alisema kwa upole. "Uji unapoa."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Inspekta aliketi muda mrefu na lile kufuli mapajani. Kisha alimpa Koplo.

"Chukua. Halina kazi tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekosea tangu asubuhi. Nimeuliza, nani aliingia? Swali hilo ni la wizi. Mimi nikiona mlango, natafuta mtu, kwa kuwa miaka yote nyuma ya mlango nilikuta mtu. Lakini mtu akichoma kwa petroli, moto hutangulia. Hapa harufu imetangulia, halafu moshi, moto ukaja mwisho. Kitu hicho kilianzia ndani, polepole." Akageuka. "Koplo, wewe umefuga ng'ombe?"

"Nimezaliwa zizini, afande."

"Umewahi kutia mkono ndani ya rundo la samadi?"

"Mara nyingi. Ndani moto kabisa. Asubuhi ya baridi linafuka..." Koplo alikitazama kiganja chake. "Na halijawashwa na mtu."

"Ukilitandaza je?"

"Linapoa."

"Tambara halilali na mwenzake," Inspekta alisema. "Huenda yule marehemu hakuwa bahili. Huenda aliwahi kuona kitu, akashindwa kukieleza, akakigeuza kuwa amri."

"Mkuu hatakubali samadi, afande. Yeye anataka mtu."

"Ndiyo maana hatutamwambia. Tutamwonyesha."

Asubuhi iliyofuata, uani mwa kituo, waliweka meza. Inspekta alileta debe la mafuta ya mbao yale yale kutoka karakana, furushi la matambara, na kapu la nguo lenye mfuniko alilolinunua sokoni. Fundi mkuu aliwapa mbao, Koplo akasugua mafuta mpaka akalalamika mgongo. Nusu ya matambara yalianikwa kwenye kamba, moja moja. Nusu yalibaki mezani.

Msimamizi aliitwa. Kiberiti naye alitolewa mahabusu, akaketishwa kwenye kigogo karibu na ukuta, pingu mikononi. Msimamizi alipomwona aligeuza uso.

"Kaka, naomba unisaidie," Inspekta alimwambia. "Nataka kurudisha stoo ilivyokuwa jioni ile kabla ya moto. Nikunjie haya kama ulivyoyakunja."

Hakuwa mtu wa kukataa kukunja. Alianza. Kila tambara lilinyooshwa, likakunjwa mara mbili, mara nne, likagandamizwa kwa kiganja, likawekwa juu ya mwenzake, kingo zikilingana. Polisi waliokuwa wakipita walisimama kutazama, kwa kuwa kazi nzuri huvuta macho. Mwisho alifunika kapu, akalisukuma hadi kwenye pembe ya ukuta wa bati, palipo na joto kama la stoo.

"Hivyo," alisema.

"Hivyo hivyo kabisa?"

"Mimi sibadilishi."

"Wekeni ndoo ya mchanga karibu," Kiberiti alisema kutoka kwenye kigogo.

Msimamizi aligeuka kwa hasira. "Wewe ndiye wa kutufundisha moto?"

"Nani mwingine?" Kiberiti alijibu. Koplo alikwenda kuchota mchanga.

Wakaanza kungoja. Hakuna kazi ngumu katika upelelezi kama kungoja kitu ambacho huenda hakipo. Mkuu alitoka mara ya kwanza, akaliangalia kapu, akacheka. Mara ya pili hakucheka.

"Unakausha nguo, Inspekta?"

"Nasubiri, mkuu."

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Wewe ni wa makufuli. Ungelikuwa umekaa kwenye makufuli yako, jalada lingekuwa limekwisha."

Jua lilipanda. Matambara ya kwenye kamba yalikuwa yanayumba, yamekauka yakawa magumu. Inspekta alipita akayagusa moja baada ya jingine. Yote yalikuwa na joto la jua tu. Kapu hakuligusa. Kama kapu lile lingebaki hivyo, hakuwa na kitu kingine mkononi. Angempandisha yule mwanamke garini yeye mwenyewe.

Dereva wa gari la mahabusu aliwasha injini kuipasha. Koplo alitazama chini. Mkuu alitokea mlangoni na karatasi yenye muhuri.

"Muda umekwisha. Apande."

Askari wawili walimwinua Kiberiti. Hakuleta fujo. Aliomba tu kufunga kanga yake vizuri, na kwa pingu ikamchukua muda. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya gari aliposimama, akainua pua.

"Afande," alisema. "Nani anapika?"

Inspekta naye alikuwa ameisikia. Harufu kali, chungu, iliyoingia kooni. Aligeuka, si kwa kapu, bali kwa msimamizi.

"Kaka, hebu nusa. Mdogo wako alisema ilikuwaje?"

Msimamizi alikuwa ameganda.

"Kama mtu anakaanga rangi," alisema.

Kisha akakimbia. Kabla Koplo hajamzuia alikuwa ameshafunua kapu na kuingiza mkono katikati ya safu zake zilizolingana, kama dobi anayetafuta shuka la chini. Akapiga ukelele, akautoa mkono. Matambara yalifuata, yakamwagika. Ya juu yalikuwa safi. Ya katikati yalikuwa ya kahawia, halafu meusi, na moshi ulikuwa unatoka kwenye mikunjo yake. Hewa ilipoyapata, ulimi mdogo wa moto uliinuka katikati ya ua, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Koplo alimwaga mchanga mpaka moshi ukapungua.

"Nani aliwasha?" mkuu aliuliza.

"Hakuna, mkuu. Limekaa mbele ya dirisha lako tangu asubuhi."

Mkuu alilitazama kapu, akaitazama kamba ya matambara yaliyotulia, akaitazama karatasi yake. Muhuri ulikuwa umepigwa sawasawa, lakini haukumsaidia. Akaikunja akaitia mfukoni.

"Mfungueni huyo mama," alisema. "Na huyu bwana je? Tunaandika nini?"

"Tutaandika tulichokiona. Kama kuna uzembe, mwendesha mashtaka ataamua, na atamhesabu pia aliyempa kazi ya mbao kwa cheti cha mashuka. Aliyechoma kwa kusudi hayupo."

Msimamizi alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga. Mkono ulioungua aliuacha uning'inie. Kwa ule mzima alikuwa anaokota matambara yaliyobaki, na kila aliloliokota mkono ulianza kulikunja wenyewe, akauzuia, likaanguka, akaliokota tena.

"Nilikuwa nasafisha," alisema. "Nilikuwa nasafisha tu. Hotelini ningeyaacha yamezagaa, wangenifukuza."

Inspekta alichuchumaa karibu naye. Alimhurumia, na hakuficha.

"Najua. Hotelini ulikuwa sahihi."

"Nani atamwambia mdogo wangu? Nimekaa kitandani pake siku zote hizi namlisha uji namwapia. Nimemwambia aliyemfanyia hivi atalia." Akajifunika uso. "Nitaanzaje? Nimwambie sikuambiwa na mtu, sikujua, kwamba kapu..."

Kiberiti alikuwa anasugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu. Angeweza kwenda. Geti lilikuwa wazi na hakuna aliyemdai kitu. Alikwenda kwenye kamba akachukua kibanio, akarudi, akamwondolea msimamizi tambara mkononi, akaenda kulianika mbali na mengine.

"Usianze na sababu," alimwambia akiwa amempa mgongo. "Ukianza na sababu, hamalizi kukusikiliza. Anza na 'ni mimi'. Sababu aulize mwenyewe."

Msimamizi aliinua uso. "Unasema wewe? Baada ya niliyokufanyia?"

"Nani mwingine amewahi kumwendea mtu akamwambia moto ule ulikuwa wake?" Alifunga kanga yake upya, safari hii vizuri. "Inuka. Nitakusindikiza hadi mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Koplo alimshika msimamizi kwapa akamwinua. Wakavuka ua, dobi na Kiberiti, wakilipita gari la mahabusu ambalo injini yake ilikuwa bado inanguruma. Walipofika getini Inspekta alimsikia msimamizi akiyajaribu maneno yale kwa sauti ndogo, mara moja, na mara ya pili.

"Ni mimi," alisema. "Mdogo wangu, ni mimi."